Pale pa Kukubali

Alikuwa mtu wa kupiga hodi kwenye mlango ulio wazi. Mlango wa mapokezi pale ofisini kwetu Kitale haukufungwa mchana hata siku moja, kwa sababu bawaba yake ya chini ilikuwa imekufa na tulikuwa tumeuzuia kwa gunia la mbolea. Lakini yeye kila asubuhi alisimama nje, akagonga ubao, akangoja. Nikiwa na simu sikioni nisiweze kumjibu, alingoja hapo hapo. Mvua ikinyesha pia alingoja. Nilimwambia mara nyingi, "Mwalimu, ingia bana, hii si nyumba ya mama mkwe." Alitabasamu, akaingia, na kesho yake akagonga tena.

Tulimwita Mwalimu na hakuwa mwalimu. Mwalimu wa kweli alikuwa mke wake, aliyefundisha shule ya msingi Bungoma, ambaye sisi wa ofisini tulimwita Madam hata kabla hatujamwona. Huyu wetu alikuwa fundi wa kompyuta wa chama chetu cha ushirika. Chama kiliuza mbegu na mbolea na kupima mahindi ya wakulima, makao yake makuu Kitale, na matawi katika mji uitwao Kwanza, kisha Kimilili, Malakisi na Bungoma. Jina la Mwalimu alilipata kwa kuwafundisha makarani wa matawi yote kutumia kompyuta, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, wakati wengi wao waliogopa hata kuiwasha.

Mimi nilikuwa mpokezi. Nilikaa pale mbele, kwa hiyo nilimwona akiingia, nilimwona akitoka, na zaidi ya yote nilimwona akishindwa kutoka. Ukiniuliza alikuwa mtu gani, nitakwambia alikuwa mtu aliyetaka kwenda nyumbani. Mengine yote yanaanzia hapo.

Kila Ijumaa alikuja na mkoba wa nguo na mkate. Mkate ulikuwa wa binti yake, maana mtoto aliamini kwamba mkate wa Kitale una utamu ambao wa Bungoma hauna. Mkoba aliuweka chini ya meza yangu, mkate juu ya kabati la faili. Ikifika saa kumi jioni alikuwa amefunga vifungo vyote vya sweta. Na saa kumi hiyo hiyo Meneja alichungulia mlangoni kwake akasema, "Mwalimu, kidogo tu." Hiyo kidogo tu ilikuwa kompyuta ya kule Kwanza imekataa kuwaka, au virusi vimeingia Kimilili kwa flash ya mtu aliyetaka kuchapisha kadi za harusi, au Nairobi wametuma diski ya toleo jipya la programu ya mizani na lazima iwekwe kwenye mashine zote kabla ya Jumatatu. Mwalimu alisema, "Sawa." Akafungua sweta. Jumamosi, ambayo sisi tulifanya kazi nusu siku, tulikula ule mkate wa mtoto kwa chai ya rangi, na wajinga wa pale ofisini wakaupa jina, mkate wa Bungoma. Nami niliula. Ulikuwa mtamu kweli.

Na Bungoma si mbali. Ukitoka Kitale asubuhi, chakula cha mchana utakula Bungoma na bado upate muda wa kutembelea mtu. Ingekuwa Mombasa ningemwelewa. Lakini mtu mzima kuzuiliwa umbali wa asubuhi moja, wiki nenda wiki rudi, mimi lilinikera jambo hilo, na sikuficha.

Shida yake ilikuwa neno. Kwao, upande wa Kimilili, kanisa la mama yake lilikuwa la watu wasiokula kiapo, hata mahakamani. Walisema ndiyo mara moja, ikatosha. Mama alimlea hivyo hivyo jikoni. Ukishasema ndiyo, utaenda kuchota maji, utaenda, hata mvua ya mawe inyeshe. Siku alipoajiriwa, Meneja alimuuliza kama atakubali kukaa Kitale mpaka kazi ya mashine iishe, halafu apelekwe tawi la Bungoma kwa mke wake. Akasema ndiyo.

"Mpaka kazi iishe," nilimwambia. "Kwani kazi ya kompyuta huisha? Umewahi kusikia mahali ati kompyuta zimeisha kutengenezwa, watu wakaenda nyumbani?"

"Nilisema ndiyo, Dada."

"Si urudi umwambie la."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni.

Lakini usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mwizi wa dama. Tulicheza wakati wa chakula cha mchana, kwa vifuniko vya soda, kwenye kipande cha kadibodi, na ukigeuza kichwa kuangalia aliyeingia tu, kifuniko chako kimoja kimehama. Nilimshika mkono nikamuuliza anaonaje haya, mtu wa neno moja, kuniibia mchana kweupe. Alisema, "Dama sikuiahidi kitu," akala vifuniko vyangu viwili. Akikasirika hakugomba, alipiga mluzi. Meneja alidhani ni mtu mchangamfu, na mimi niliyekaa karibu nilijua kwamba siku ya mluzi mwingi ni siku mbaya.

Tena alikuwa msomaji wa kila kilichoandikwa. Magunia ya mbolea aliyasoma mpaka chini kule kwa maandishi ya sisimizi. Karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa, ile sisi wengine tunayoitupa, aliikunjua akaisoma akiwa na homa yake. Na ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akisoma yale maneno marefu ya Kiingereza yanayotokea unapoweka programu kwenye kompyuta, ambayo chini yake kuna kitufe cha I Agree, yaani nakubali. Watu wote hubonyeza tu. Yeye aliyafuata kwa kidole kwenye skrini mpaka mwisho, akabonyeza, kisha akatoa leso akapangusa alama ya kidole. Kitu kimoja tu hakuweza kukisoma amesimama, nacho ni meseji ya mke wake. Simu ikitoa ule mlio, alitafuta mahali pa kukaa kwanza. Mara nyingi alikaa juu ya lile gunia la mlangoni, akasoma, akairudisha simu mfukoni, akaendelea kukaa kidogo.

Alipowafundisha makarani, somo la kwanza lilikuwa hilo la kusoma. Nilikuwepo, nikigawa chai. Aliwaambia, "Kwingine kote bonyezeni, mkikosea nitarekebisha. Lakini pale pa I Agree mtu anakubali. Usikubali kitu hujasoma." Meneja alikuwa amesimama nyuma, mikono kiunoni, akaona naye aongeze lake: "Na mjue, atakayekubali ndiye nitakayemshika." Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga. Aliogopa wakaguzi, aliogopa Nairobi, na kila kilichoandikwa Kiingereza kirefu kwake kilikuwa kesi inayongoja kuanza. Basi maneno hayo mawili, la Mwalimu na la Meneja, yaliingia vichwani mwa makarani pamoja na hayakutoka tena.

Sasa kazi yenyewe. Kuweka ile programu ya mizani si jambo gumu, ni jambo la kuchosha. Dirisha linatokea, linakukaribisha, unabonyeza Next. Lingine linauliza iwekwe wapi, Next. Lingine linauliza kama unataka picha yake ndogo ikae kwenye skrini, Next. Halafu Install, halafu unangoja ule mstari wa kijani utembee, halafu Finish. Unahamia mashine ya pili, unaanza tena. Ukimaliza Kitale unakwenda Kwanza, kisha Kimilili, na kabla hujafika mwisho Nairobi wameleta diski nyingine. Siku moja alikaa mbele yangu, akainua kidole chake cha shahada akakitazama. "Dada," alisema, "mimi nimekuwa kidole tu."

Ndipo alipoleta skripti, kama alivyoiita. Aliipata saiba moja ya mjini, duka la intaneti, nayo ni lugha ndogo ya bure ya kuandikia kompyuta maagizo. Alinielewesha hivi: unaandika kwenye faili, ngoja mpaka dirisha lenye jina fulani litokee, likitokea, bonyeza kitufe fulani, kisha ngoja lingine. Unaweka kwenye flash, unaichomeka, unakaa pembeni. Alipoijaribu mara ya kwanza kwenye mashine yangu, ule mshale mweupe ukaenda wenyewe mpaka kwenye Next ukabonyeza, na mimi niliinuka kitini nikasogea mbali.

"Nani anauvuta?" nilimuuliza.

"Hakuna. Nimeuambia."

Hiyo ya kwanza ilifaulu Kitale, ikatuaibisha Kimilili. Alikuwa ameuelekeza mshale kwa mahali, uende hapa ubonyeze, uende pale ubonyeze. Kimilili walikuwa na skrini kuukuu, ndogo, na mahali ambapo kwetu pana Next, kwao palikuwa na Cancel, kitufe cha kughairi. Basi ikabonyeza Cancel. Na kwa kuwa alikuwa ameiagiza ikishindwa ianze tena, ilianza tena, ikabonyeza Cancel, ikaanza tena. Karani wa kule alipiga simu jioni akiwa na furaha. "Mwalimu, hii kitu yako ni mchapakazi. Haijapumzika tangu asubuhi."

Alipiga mluzi siku hiyo nzima. Lakini hakuacha. Akagundua kwamba kila kitufe kwenye dirisha kina jina lake, kwamba kuna kijiprogramu ukikisogeza juu ya kitufe kinakuambia jina hilo, na kwamba ukiita kitufe kwa jina, skrini iwe kubwa au ndogo, kitaitika. Aliandika upya yote. Sijawahi kumwona na furaha kama wiki zile. Alikuja asubuhi, akagonga mlango, na kabla sijasema karibu alikuwa ameanza kueleza. "Nikimaliza hii, tawi lolote linachomeka flash linaendelea. Hawanihitaji. Kazi itakuwa imeisha, Dada. Nitakwenda nyumbani na sijavunja neno."

Nilimwamini. Hata mkate wa Ijumaa ile nilikataa kuuonja mapema.

Skripti ikakamilika. Ilibonyeza Next zote, kwenye mashine zote, bila kukosea hata moja. Ila ilipofika kwenye dirisha la maneno marefu, ilisimama. Mshale ulitulia, dirisha likakaa wazi, na hakuna kilichoendelea mpaka mtu mwenyewe abonyeze I Agree.

"Imeharibika," nilisema.

"Haijaharibika. Nimeiambia ingoje mtu."

"Kwa nini? Si uiambie ibonyeze na hicho kimoja, tumalize?"

"Mashine haijasoma."

"Wewe umesoma."

"Nimesoma ya toleo hili. Ya toleo linalokuja sijasoma. Siwezi kusema ndiyo leo kwa kitu cha kesho ambacho sijakiona."

Mimi mdomo wangu hauna mlango, nikamwambia, "Na si ndivyo ulivyomwambia Meneja?"

Alitoa leso, akapangusa skrini ambayo haikuwa na alama yoyote.

Alichotegemea ni makarani. Alifikiri watasoma, watabonyeza, basi. Alisahau kwamba alikuwa amewafundisha vizuri mno. Siku ya kwanza tu simu zikaanza kulia mezani kwangu. Kutoka Kwanza: "Mwambie Mwalimu imefika pale." Kimilili: "Imefika pale." Yule wa Malakisi, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema kwa upole kabisa, "Imefika pare pa kukubari, Dada, na mimi sikubari." Karani wa kule Kwanza aliifunika kompyuta kwa kitambaa ili mtu mwingine asiguse kwa bahati mbaya.

Mwalimu alichukua simu akawasihi mmoja mmoja. Someni, bonyezeni, ni kitufe tu. Wakamjibu kwa maneno yake mwenyewe, kwamba Kiingereza kile hawajakielewa chote, na usikubali kitu hujasoma. Alipowaambia yeye amesoma na ni salama, wa Kimilili akamwambia, "Wewe uko Kitale, Mwalimu. Kidole ni changu." Na Meneja hakutaka kuwalazimisha, kwa sababu aliona mpango huo unamfaa. Mtu mmoja anakubali, mtu mmoja anajulikana. "Nenda tu mara moja," akamwambia Mwalimu. "Ni kitufe kimoja. Utarudi leo leo."

Tangu hapo maisha yake yakawa ya kusafiri kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Alikwenda Kwanza akabonyeza, akarudi. Alikwenda Kimilili, karibu na kwa mama yake, akabonyeza, akarudi. Na Malakisi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu ukienda Malakisi unashuka stendi ya Bungoma unabadilisha gari. Anashuka pale, nyumbani kwake ni mwendo wa miguu, anapanda gari jingine. Jioni vivyo hivyo, kwa kuwa alikuwa amesema atarudi leo leo. Nilimuuliza kama huwa hapiti japo kusalimia. Alisema, "Nikipita sitaondoka," akaweka vifuniko vya soda kwenye kadibodi tucheze. Siku hiyo hakuiba hata kimoja.

Madam alikuja likizo ya shule, bila kutuma habari. Nilimjua kabla hajajitaja, maana binti aliyemshika mkono alikuwa na uso wa Mwalimu mtupu, paji la uso lile lile. Na Mwalimu, ungejua, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Malakisi. Walikuwa wamepishana njiani. Niliwakalisha kwenye benchi la mapokezi nikawapa chai. Madam alikuwa mwanamke mtulivu, mwembamba, aliyekaa wima kana kwamba darasa linamtazama.

"Amekwenda kufanya nini Malakisi?" aliniuliza.

Niliona haya kumjibu. "Kubonyeza, Madam."

"Kubonyeza nini?"

"Kitufe. Kimoja."

Madam alikoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani. Mtoto alikuwa amekwenda mlangoni, amechuchumaa mbele ya lile gunia la mbolea, anasoma maandishi yake kwa sauti kutoka juu kwenda chini. Madam akasema polepole, ili mtoto asisikie: "Juzi nilimtuma huyu stendi akanunue nyanya. Akarudi akaniambia, Mama, nimeona mtu anafanana na Baba, anapanda gari. Nikamwambia watu hufanana."

Nilimwongezea chai kikombeni.

"Akija nyumbani Jumamosi, ile moja moja anayokuja, anapiga hodi. Mlango uko wazi, ni kwake, na anapiga hodi. Mtoto anaenda kuangalia, halafu ananiita, 'Mama, mgeni wako amekuja.'" Akanywa chai. "Mimi simlaumu. Alisema ndiyo, na nilimpenda kwa hiyo ndiyo yake. Lakini mtoto ameshakuwa wa darasa la nne."

Niliinuka. Nakwambia ukweli, sikuwa nimepanga kitu, nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu ina miguu. Niliingia kwa Meneja bila kubisha hodi.

"Bosi," nilisema, "huyu mtu wa kukubali lazima awe Mwalimu?"

"Lazima awe mmoja. Wakiwa wawili, siku ya kuulizwa kila mtu atasema ni yule mwingine."

"Basi niwe mimi."

Alicheka. "Wewe ni wa mapokezi."

"Nina kidole. Na Kiingereza nimesoma mpaka kidato cha nne. Mpeleke Mwalimu Bungoma. Flash inafanya mengine yote, hiki kimoja nitakwenda kukibonyeza mimi."

Alifikiri. Nilimwona akinipima, kama naweza kushikika. "Mpaka lini?"

"Mpaka kazi iishe," nikasema. "Si ndivyo mnavyosema hapa?"

Mwalimu alipofika jioni akawakuta mkewe na bintiye bado wako kwenye benchi, alisimama mlangoni. Hakugonga. Nilimweleza yote kwa mafungu, na neno lake la kwanza likawa lile lile, "Lakini nilisema ndiyo." Nikamwambia ndiyo hiyo alimpa Meneja, na Meneja ameirudisha. Alimtazama Meneja, Meneja akatikisa kichwa kukubali. Basi akaketi kwenye benchi, katikati ya wale wawili, akaanza kufungua vifungo vya sweta, halafu akakumbuka kwamba leo si siku ya kufungua, akavifunga tena.

Kabla ya kuhama alinifundisha kazi. Alinikalisha nikasoma yale maneno marefu yote, neno kwa neno, na nisipoelewa alieleza, na hakuniruhusu kubonyeza mpaka nimweleze kwa Kiswahili nimekubali nini. Nilimtukana moyoni. Mwisho alinikabidhi flash, imefungwa kwenye leso yake. Hakusema asante. Alisema, "Usikubali hujasoma, Dada," na Ijumaa hiyo saa kumi alitoka na mkoba na mkate, na Meneja alipochungulia hapakuwa na mtu wa kumwambia kidogo tu. Akanitazama mimi.

Nilikuwa naimba kwaya wakati ule, sauti ya pili, na mazoezi yalikuwa Jumamosi. Mwaka wa kwanza walinivumilia. Wa pili nafasi yangu akapewa msichana mwingine, na sikulaumu, kwa kuwa kila Jumamosi ya maana nilikuwa Kwanza au Kimilili naangalia mstari wa kijani. Makarani walibadilika, wapya wakaja, na wapya walifundishwa na wa zamani: ikifika pale, mpigie Dada. Nilisema nitawafundisha kubonyeza wenyewe. Wakanisikiliza kwa adabu, na toleo lililofuata wakanipigia. Yule mzee wa Malakisi alistaafu, na aliyekuja baada yake alisema vile vile kama aliyerithishwa, hakubali.

Mwalimu naye aliacha kazi ya chama baada ya muda, akafungua kaduka ka kutengeneza kompyuta Bungoma, karibu na msikiti. Hapo tawi la Bungoma nalo likawa langu. Nilishuka stendi ile mara nyingi. Nilijua nyumba yake iko nyuma ya shule, nilijua ni mwendo wa miguu, na kila mara nilipanda gari jingine, kwa sababu Meneja alikuwa anangoja simu na nilikuwa nimesema nitarudi leo leo. Nilikuwa nimemcheka mtu kwa jambo hilo hilo. Ukishaketi kwa watu wanaokupenda, kuinuka ni kazi, na mimi sikutaka kuona kama nitaweza.

Halafu siku moja, mwisho mwisho wa miaka ile, nilikuwa natoka Malakisi, mchana, jua kali, nimebonyeza na kukubali yote. Pale stendi ya Bungoma gari la Kitale lilikuwa linaniita, kondakta ameshachukua mkoba wangu. Nikamnyang'anya mkoba. Sijui ni nini, nilichoka tu. Asubuhi ile nikiondoka Kitale nilikuwa nimenunua mkate bila kujiuliza wa nani, na ulikuwa bado mkobani, umebonyea kidogo upande mmoja. Nikauliza njia ya kwa Mwalimu.

Mlango ulikuwa wazi. Nikasimama nje nikagonga. Msichana mrefu akatoka, paji la uso lile lile, sare ya sekondari, akanitazama, akageuka ndani akaita, "Baba, mgeni wako amekuja."

Alitoka na miwani, na nywele zimeingia mvi pembeni. Hakuwa na sweta. Alinishika mkono kwa mikono miwili akaniingiza, na kabla hatujamaliza salamu alikuwa ameshaugeuza mkate anasoma karatasi yake. Madam alinisalimia kutoka jikoni, akasema sitoki bila kula, harufu ya kuku ikitangulia maneno yake. Mezani palikuwa na kompyuta ya mtu iliyofunguliwa tumbo na nyingine nzima inayofanya kazi.

"Unatoka wapi, Dada?"

"Malakisi."

"Kufanya nini?"

Nikainua kidole cha shahada. Nilitaka tucheke, kwa sababu mimi na yeye tulizoea kucheka. Hakucheka. Aliutua mkate mezani.

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Ulimwambia Meneja mpaka lini?"

"Unajua nilivyomwambia."

Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Alipiga mluzi kidogo, kisha akaukata. Akanyoosha mkono. "Lete flash."

Ilikuwa bado kwenye leso yake. Aliichomeka kwenye ile kompyuta nzima, akaifungua skripti, na maandishi yake yalikuwa palepale alipoyaacha, pamoja na mstari ule aliouagiza ungoje mtu. Aliniuliza kama maneno ya toleo jipya yamo. Yamo, nikamwambia. Akayafungua akayasoma. Madam alileta chakula, akakitua, akaona kinachofanyika, akarudi jikoni. Mwalimu alisoma mpaka mwisho, kidole kikishuka kwenye skrini, na mimi nilikaa nikimtazama, kwa kuwa nilijua anachotaka kufanya na nilijua kwa ajili yake mwenyewe hakukifanya.

Alifuta mstari wa kungoja. Akaandika mwingine, wa kubonyeza. Alipofika mwisho wake alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu swali, "Ndiyo."

"Na toleo la kesho?" nilimuuliza. "Hujalisoma."

"La kesho pia. Likija baya, ni juu yangu." Aliichomoa flash akaniwekea kiganjani. "Mwambie Meneja makarani wachomeke tu, haitasimama tena. Akiuliza nani alikubali, mwambie ni mimi. Kwangu anapajua."

Madam alisema kutoka jikoni, "Baba, sasa umekubali nini tena?"

"Kidogo tu," alisema Mwalimu.

Simu ikaanza kulia mkobani mwangu. Sikuhitaji kuangalia ni nani. Mwalimu alinisogezea sahani, binti akaleta maji ya kunawa, nami nikanyoosha mikono. Niliiacha simu ilie, nikala.